Hamsini na Tatu kwa Mia – Sehemu ya Saba: Njia ya Kalunguta

Karatasi zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa na jina lake.

Hapo ndipo tulipomwacha Jokébed Lusenge juma lililopita, ndugu msomaji: amekaa kwenye ukingo wa kiti ndani ya bureau ya Madame Nadège Ilunga, mkuu wa fedha wa Coopérative Kilima mjini Butembo. Alikuja kuomba stage ya fedha, yaani nafasi ya kujifunza kazi. Kwa miezi minane alikuwa ametembeza barua zake mjini, na kila mlango ulimwuliza swali lile lile: ulipata ngapi? Akijibu tu, mlango unafungwa.

Leo hakuulizwa. Madame alitandaza relevé mbili, orodha za alama za chuo, mezani, akaegemea kiti.

Ya kushoto ilisema: hamsini na tatu kwa mia.

Ya kulia ilisema: sabini na nne.

Cachet, ule muhuri wa chuo, ni ile ile. Sahihi ni ile ile. Jina ni lile lile.

"Chagula," Madame alisema. "Ile utaonyesha na kidole, njo nitaweka mu dossier."

Madame Nadège hakuwa mwenyeji. Alitumwa kutoka Lubumbashi miaka minne iliyopita, na watu wa bureau nzima walimwogopa kwa sababu moja: hakuwahi kupandisha sauti.

Jokébed alitazama ile sabini na nne, na moyo ukamwanguka. Alijua imetoka wapi. Jumapili, baada ya ibada, yaya yake Malachie, kaka yake mkubwa, alimshika bega akamwambia, "Achia miye hiyo mambo." Malachie ni motard, dereva wa pikipiki, na hiyo moto yake ndiyo inayolisha nyumba yao ya Kimemi. Tangu Jumapili hiyo moto haijaonekana uani. Ukimwuliza, anasema iko kwa mécanicien.

Haikuwa kwa mécanicien. Ilikuwa hapa mezani, imegeuka karatasi.

Akionyesha kulia, stage ni yake. Akionyesha kushoto, anarudi nyumbani mikono mitupu, na pengine polisi wanamfuata Malachie nyuma yake.

Kidole chake kikaenda kushoto.

"Hii njo yangu, Madame."

"Uko na hakika?"

"Hamsini na tatu. Miye njo niliyipata. Ile ingine siko naijua."

"Nani aliileta?"

"Sijue, Madame."

Madame aligonga ile ya kulia kwa ukucha.

"Jokébed. Umenipa kweli moja. Usiiharibu na bongo, na uongo."

Machozi yalitoka kabla ya maneno. "Ni yaya yangu. Malachie. Mais alifanya juu ya kunisaidia, Madame. Tafazali, usiite polisi."

Madame hakushika simu. Alisimama, akafungua mlango, akachungulia ndani ya couloir, korido la nje, akaufunga tena. Kisha akazungusha ufunguo.

Sauti ya ule ufunguo ilimtisha Jokébed kuliko neno lolote.

"Yaya yako hana mashini ya kutengeneza cachet," Madame alinong'ona. "Kuko mutu humu ndani mwenye anauzisha hizi karatasi. Miye niko namujua. Ni Onésime."

Onésime! Chef du personnel, mkuu wa wafanyakazi! Yule papa wa koti la kijivu aliyempokea mlangoni asubuhi ile ile akamwita "binti yangu"!

"Nilimuambia directeur mara tatu," Madame aliendelea. "Kila mara anasema: niletee mutu mumoja atasema na kinywa yake. Mais bote balimulipa Onésime bako mu kazi, banaogopa. Weye njo wa kwanza kuonyesha karatasi ya kushoto."

"Miye? Nitasema nini, Madame?"

"Vile umesema hapa. Papa Mardochée, directeur wetu, ako Beni leo. Anachagula bastagiaires yeye mwenyewe, saa nane. Gari ya bureau inakupeleka sasa hivi. Hizi karatasi utamupatia mu mukono yake, si mu mukono ya mwingine."

Akazitia zote mbili ndani ya bahasha ya kaki.

"Na stage, Madame?"

"Sikuahidi kitu. Hamsini na tatu ni hamsini na tatu."

"Na yaya yangu?"

Madame Nadège alikuwa amekwisha kuzungusha ufunguo na kufungua mlango.

* * *

Uani jeep ilikuwa imekwisha kuwashwa. Papa Sadrack, chauffeur, dereva wa bureau, mwenye ndevu nyeupe na sauti laini, alimfungulia mlango wa nyuma.

"Panda, mama. Usiogope, njia ninaijua kama mukono yangu."

Jokébed alipanda akiisukuma bahasha ndani ya sac, mkoba wake wa begani. Mlango ukafungwa. Ndipo kichwa kilichokuwa kwenye kiti cha mbele kikageuka.

"Ah, binti yangu! Na miye naenda Beni. Unaona vile Mungu anapanga?"

Koti la kijivu. Onésime.

Jokébed aliinua macho kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza. Madame Nadège alikuwa amesimama pale, mkono umeganda kwenye pazia. Hata yeye hakulijua hili! Lakini angefanya nini? Akipiga kelele, Onésime ataelewa. Jokébed naye akishuka, Onésime ataelewa.

Mlango mkubwa ulifunguliwa. Jeep ikatoka.

Walipita maduka, wakapita mlima wa mwisho wa mji, na Onésime alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Alikuwa na kioo kidogo mbele yake, na kila Jokébed alipoinua macho, aliyakuta macho ya Onésime ndani ya kile kioo.

"Madame alikuuliza nini?"

"Ma cotes yangu ya chuo, Papa."

"Na ulijibu?"

"Nilijibu… muzuri."

"Voilà! Batoto ba Kimemi banajua kujibu."

Akaendelea kuimba.

Jokébed aliificha simu ndani ya mkunjo wa kitenge akamwandikia Malachie: *Uko wapi?* Ujumbe haukuondoka. Akapiga. Simu imezimwa. Malachie, ambaye simu yake haizimiki hata kanisani!

Karibu na Kalunguta gari zilisimama. Fuso moja iliyobeba mbao ilikuwa imekatiza njia, na nyuma yake teksi, moto, watu. Papa Sadrack alizima injini.

"Kuko nini?" Onésime aliuliza.

Jibu lilitoka mlimani. Kwanza mlio mmoja, kama bati lililoanguka. Kisha mingi, mfululizo.

"Bino nyonso, bokita! Noki noki!" mwanajeshi mmoja alipiga kelele kwa Kilingala akikimbia na bunduki.

Watu wote walishuka, wote wakaingia mferejini. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alilala kifudifudi juu ya matope, akimwita Mungu: Nyamuhanga, Nyamuhanga. Jokébed alijitupa kando yake, akaikumbatia sac yake. Alizaliwa upande huu. Migomba ile ya juu aliwahi kuikimbilia na godoro kichwani, na mwili wake ulikumbuka kabla ya akili: masikio yakaziba, mdomo ukakauka kama majivu.

Mkono ukamgusa bega. Alikuwa Papa Sadrack, amemletea chupa ya maji. "Kunywa, mama. Itapita." Akarudi nyuma ya gari akiwa ameinama.

Mkono wa pili ulipomgusa, haukuwa wa Sadrack.

"Bahasha," Onésime alisema.

Alikuwa amelala kando yake kama mtu anayejificha risasi, koti lake zuri limeloa matope, na alikuwa akitabasamu.

"Bahasha gani, Papa?"

"Ya kaki. Usinilazimishe kutafuta mu sac ya mwanamuke mbele ya batu."

"Papa, miye sijue…"

"Sikia muzuri. Yaya yako alikuya leo asubui kudai moto yake. Alipiga makelele mingi. Batu bangu balimuweka fasi moja, ametulia. Nikipiga téléphone, anatoka. Nisipopiga…" Aliinua mabega. "Na leo ni siku ya masasi. Nani atauliza juu ya motard mumoja?"

Simu imezimwa!

Je, wewe ungefanya nini, msomaji, uko ndani ya mfereji, risasi zinapita juu, na mtu anakuambia ameishika pumzi ya ndugu yako mkononi?

Jokébed alifungua sac. Akampa.

Onésime alizipasua karatasi taratibu, mara mbili, mara nne, mara nane, akazikandamiza ndani ya maji ya mfereji mpaka wino ukaanza kutoka.

"Muzuri. Sasa nikuambie neno tamu. Kule Beni dossier yako iko tayari. Niliituma jana. Soixante-quatorze, sabini na nne. Uko wa kwanza ku liste. Unafunga kinywa, unapata stage, yaya anarudia nyumbani. Bote tunakuwa bazima."

Mlimani kukawa kimya. Baada ya nusu saa mwanajeshi aliashiria kwa mkono, na Fuso ikasogea.

Njia yote mpaka Beni, Onésime aliendelea na wimbo wake.

* * *

Kwenye couloir ya bureau ya Beni waliketi vijana watano wenye mashati meupe, wamekwisha kuonana na directeur na wanangoja jibu, kila mmoja na dossier yake mapajani. Walimtazama Jokébed, matope mpaka kiunoni, wakasogeza miguu ili wasichafuke.

Onésime hakumwacha asubiri. Alimshika kiwiko akamwingiza moja kwa moja.

"Patron, huyu njo soixante-quatorze yetu!"

Papa Mardochée alikuwa mtu mnene, mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso. Alisimama kwa ajili yake! Akampa mkono!

"Félicitations, mutoto. Mwaka huu hakuna mwenye alifika pale. Pole na njia, nimesikia Kalunguta ilichafuka. Kaa. Lundi, jumatatu, utaanza ku Butembo."

Akavuta barua iliyokwisha kuandikwa. Akafungua kalamu.

Miezi minane! Miezi minane ya milango, na sasa ilibaki sahihi tu. Hakutakiwa hata kusema uongo. Alitakiwa kunyamaza.

Nyuma yake alisikia pumzi ya Onésime. Akamwona Malachie akilini, amekaa chini katika chumba kisicho na dirisha. Akawaza: nikinyamaza, anatoka. Kisha wazo jingine likaja, baridi: na akitoka, mtu huyu atatushika wote wawili mpaka lini?

Kalamu iligusa karatasi.

"Hapana, Papa directeur."

Ilitoka ndogo, kama kikohozi.

"Hapana nini?"

"Sikupata soixante-quatorze. Nilipata hamsini na tatu."

Kalamu ilisimama.

Onésime alicheka. "Mutoto ameshituka, patron. Masasi inamuzungusha kichwa. Tumupe maji…"

"Pigeni ku chuo!" Sasa sauti ilikuwa imefunguka, na Jokébed mwenyewe hakuweza kuifunga. "Numéro ya secrétaire académique niko nayo hapa. Muulizeni! Ile soixante-quatorze ni huyu papa njo aliitengeneza, na yaya yangu alimupatia moto yake. Madame Nadège alinituma na karatasi zote mbili, amezipasua mu mufereji ya Kalunguta. Angalieni bikono byake, ingali na wino! Na anasema batu bake bameshika yaya yangu. Papa, tafazali, munitafutie yaya yangu kwanza. Nyuma, kama ni kunifunga, munifunge."

Papa Mardochée alishusha miwani machoni. Hakutazama mikono ya Onésime. Alitazama namba, akapiga, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

Iliita mara tano. Sauti ya kike ikaomba jina, ikaenda, ikarudi na kishindo cha daftari.

"Lusenge Jokébed… Cinquante-trois. Deuxième session." Hamsini na tatu, tena kwa mtihani wa marudio.

Sijui kama kuna msichana mwingine aliyewahi kutangaziwa aibu yake mbele ya watu akashukuru. Jokébed alishukuru.

"Onésime," directeur alisema polepole, "kaa."

Onésime hakukaa. Alikuwa tayari mlangoni. Vijana watano wa couloir waliruka kando, viti vikaanguka, na miguu ikasikika kwenye ngazi. Kisha makelele langoni: walinzi wawili walikuwa wamemkamata koti, naye akajaribu kulivua aliache mikononi mwao. Hakufaulu.

Walipomrudisha, directeur alimwuliza neno moja tu. "Yaya yake ako wapi?"

"Sijamushika mutu! Nilisema tu juu ya kumuogopesha."

"Kama hajashikwa, yaya apokee simu, basi," Jokébed alisema.

Akapiga namba ya Malachie. Imezimwa. Akarudia. Imezimwa.

Onésime alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutabasamu. Hilo lilimtisha zaidi. Ikiwa si yeye aliyemshika, basi Malachie yuko wapi?

* * *

Papa Mardochée aliwaita polisi, akatuma neno Butembo, kisha akafunga mlango. Walibaki wawili.

"Sasa weye. Umenionyesha mwizi wangu, aksanti. Mais hiyo ni mambo moja. Stage ni mambo ingine. Nje kuko batano, bote na distinction, ma cotes ya juu. Uko naniomba fasi na hamsini na tatu?"

"Ndiyo, Papa."

"Hauogope?"

"Ninaogopa sana."

"Juu ya nini ulipata hamsini na tatu?"

Jokébed alikuwa ameandaa jibu zuri kwa Kifaransa. Lilikwisha kupotea mferejini. Akasema kama lilivyokuja.

"Mwaka wa pili tulikuwa tungali Kalunguta. Nilikuwa napanda gari kila siku ya masomo. Batu balikuya usiku, tukakimbia na mama, na baba hakufika. Examens tatu zilipita bila miye. Nilirudia mu deuxième session na ma kumi tu ku makumi mbili, kumi na moja. Hizo kumi hazifutike. Mais mwaka wa mwisho, mu analyse financière, nilipata kumi na sita. Iko pale chini ya relevé. Hakuna mutu anafika kusoma pale chini."

Directeur hakusema pole. Alifungua droo, akatoa dossier ya kijani, akaitupa mbele yake.

"Hii ni mufanyabiashara wa Masereka. Anaomba crédit, mukopo ya kununua pomme de terre, viazi, na kuzileta Butembo. Dakika makumi mbili. Uniambie ndiyo ao hapana. Batano bote nimebapatia hii hii."

Jokébed alisoma. Mkono wa kulia ulifuata mistari, mkono wa kushoto ulibonyeza namba ya Malachie. Imezimwa. Akasoma ukurasa wa pili. Imezimwa. Jasho lilidondoka juu ya hesabu ya usafiri, akalifuta kwa kiganja, na pale alipofuta, macho yakakwama.

Akarudi nyuma. Akasoma tena.

"Hapana," alisema. "Si vile anaomba."

"Mahesabu ni mabaya?"

"Ni mazuri. Kila kitu inafika sawa. Mais anaandika camion mbili kila juma mu mwezi wa ine. Mwezi wa ine, Papa, njia ya kutoka Masereka ni matope. Mama yangu anauzisha pomme de terre ku soko. Mwezi ule anangoja camion juma mbili, na zinafika nusu zimeoza. Huyu mutu atashindwa, si juu ni mwizi, ni juu ya mvula. Miye ningemupatia kidogo sasa, na ingine mwezi wa sita, njia ikikauka."

Papa Mardochée alivua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Balisema ndiyo," alisema. "Bote batano. Mumoja alinifanyia hata tableau ya rangi."

Aliichukua ile barua yenye soixante-quatorze, akaipasua. Akachukua karatasi nyeupe akaandika kwa mkono wake: jina, Coopérative Kilima, service ya crédit, stage ya miezi mitatu kwanza. Mahali pa cote aliandika hamsini na tatu, kwa herufi, bila kuficha. Akatia sahihi.

"Lundi, saa mbili kamili. Ukikawia, nitakumbuka hii pourcentage."

Jokébed alishika barua kwa mikono miwili. Aliota siku hii mara nyingi, na kila mara katika ndoto alikuwa akicheka. Sasa alibonyeza tena namba ya Malachie.

Simu ikaita!

Haikuwa namba ya Malachie. Ilikuwa ya Madame Nadège.

"Uko muzima? Mungu asifiwe! Niko napiga tangu saa tano, réseau ya simu hapana. Sikia: yaya yako alikuwa hapa."

"Malachie? Balimushika?"

"Nani alimushika? Alikuya ku bureau nyuma yenu kidogo, nikamuambia Onésime ako mu gari pamoja na weye. Alitoka mbio kama mwenda wazimu. Aliazima moto ya mwenzake, alifuata njia ya Beni. Donc… hajafika?"

Jokébed aliteremka ngazi bila kuaga. Malachie hakuwa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Malachie alikuwa barabarani, peke yake, nyuma yao, na njia nyuma yao ilikuwa ile ya risasi.

Uani Papa Sadrack alikuwa amekwisha kugeuza jeep.

"Papa Sadrack, yaya yangu ako njiani! Twende, tafazali!"

"Panda, mama, panda. Tutamupata."

Aliruka kwenye kiti cha mbele. Papa Mardochée alitokea dirishani akipiga kelele kuwa wangojee wanajeshi wa kuwasindikiza, lakini Sadrack alikwisha kupita lango.

Walikuwa wamefika barrière ya kutokea mjini, na Sadrack anamwonyesha askari kibali chake, moto moja ilipofika kutoka upande wa Butembo. Dereva wake alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Alitazama alama ya Kilima kwenye mlango wa jeep, akaja mbio upande wa Jokébed.

"Ni weye Jokébed? Dada ya Malachie?"

Jokébed aliitikia kwa kichwa.

"Ni muzima! Usilie, ni muzima. Alianguka na moto karibu na Kalunguta, saa batu balikuwa banakimbia. Muguu ilivunjika, na téléphone, yenye ilikwisha charge tangu asubui, ilipasuka. Ako ku centre de santé, kwa muganga, anazungumuza muzuri."

Ni muzima! Jokébed alifunika uso kwa viganja viwili, na kilio kilichokaa kifuani tangu asubuhi kikatoka chote, mbele ya askari, mbele ya watu wa barrière, bila haya.

"Alinituma nikupatie hii," motard alisema. Akasukuma kikaratasi kilichokunjwa kupitia dirisha. "Alisema mu mukono yako tu."

Kizuizi kiliinuliwa. Sadrack aliingiza gia, na motard akabaki nyuma ndani ya vumbi, amenyoosha mkono kana kwamba alikuwa na neno lingine.

Jokébed alifuta macho. Nyumba za mwisho za Beni zilipita. Barabara mbele ilikuwa tupu, hakuna teksi, hakuna moto, miti tu pande mbili. Akafungua kikaratasi juu ya barua yake ya stage.

Mwandiko ulikuwa wa Malachie, umepinda kwa maumivu.

*Leki, mudogo wangu, usirudi na gari ya bureau. Onésime hakunitengenezea karatasi peke yake. Mwenye alipokea moto yangu, mwenye anashika cachet, ni chauffeur.*

Alisoma mara moja. Hakuwa na ujasiri wa kusoma mara ya pili.

Jeep ilipunguza mwendo. Mbele yao, upande wa kushoto, njia ndogo ya udongo iliingia ndani ya shamba la cacao, na Papa Sadrack, bila kuwasha taa ya kugeukia, aliukata usukani polepole kuifuata.

"Anaandika nini, yaya yako?" aliuliza kwa ile sauti yake laini.

Na mkono wake ukapita mbele ya kifua cha Jokébed, taratibu, ukabonyeza kufuli la mlango.